Kuunganisha Umeme kwenye Boti ya Mama Mdogo, Kivukoni Ifakara

Safari hii ilianza kwa simu ya mama mdogo Skolastika, mdogo wake mama yangu, anayefanya biashara ya samaki kwenye mto Kilombero. Ana boti ya chuma aliyochomelewa na mafundi wa palepale mjini, na ndani yake kaweka friza kubwa. Anapita kwenye kambi za wavuvi, anajaza kambale na kitoga, anarudi kuuza. Kwaresima ndiyo msimu wake, na Ijumaa Kuu ndiyo siku yenyewe, maana mji mzima unataka samaki na hakuna anayegusa nyama. Mwaka huu jenereta yake ilikufa Jumapili ya Matawi, siku tano kabla. “Friza limejaa, mwanangu,” alisema. “Likilala bila umeme mara tatu, mimi sina mtaji tena. Wewe si ndiyo kazi yako hiyo?”

Ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi umeme kwenye gati la boti za starehe Dar es Salaam. Kando ya gati letu kuna nguzo fupi zenye soketi. Boti ikifika naipa umeme wa nchi kavu ili injini ipumzike na friji zake ziendelee. Unachomeka kebo upande wa boti kwanza, kisha upande wa nguzo, mwisho ndiyo unawasha swichi. Kuchomoa ni kinyume chake: unazima kwanza, halafu mengine. Anayechezea mpangilio huo kwetu hamalizi wiki.

Jumatatu ya Wiki Takatifu, alfajiri, nilikuwa stendi ya Mbezi nikiwa na begi la vifaa kubwa kuliko la nguo. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kuhangaika. Kukaa kitako kunaniumiza. Tulipopita Morogoro jirani yangu, mama mmoja mwalimu aliyekuwa anarudi Mang’ula, alinitazama miguu akashindwa kuvumilia. “Dada, kwani basi unaliendesha wewe? Maana kila dereva akishika breki na wewe unakanyaga.”

Mikumi tuliiacha barabara kuu tukashika ya kusini. Kidatu tulivuka mto, miwa ikaanza pande zote mbili, na mvua nayo ikaanza. Sanje basi lilisimama kwa wauza ndizi. Watu walinunua kwa kupitia madirishani. Mimi nilishuka, nikatembea mbele ya basi na kurudi, nikitazama maporomoko yalivyoning’inia mlimani, meupe kwenye kijani. Mahali pengine popote ningesema ni pazuri. Siku ile nilikuwa nahesabu tu friza limelala vipi. Tulipofika kijiji cha Kisawasawa milima ilikuwa bado iko nasi mkono wa kulia, na kushoto bonde zima limejaa mpunga na maji, huwezi kujua shamba linaishia wapi. Mwalimu alikuwa ameshashuka, kwa hiyo hakukuwa na wa kunisema.

Jioni, stendi ya Kibaoni pale Ifakara, mama mdogo alinipokea na mwavuli mmoja wa watu wawili. “Shikamoo mama.” “Marahaba, pole na safari. Utakula kwanza.” Nikamwambia nataka kuiona boti. Akasema boti haina miguu. Nikala, lakini nikiwa nimesimama.

Jumanne asubuhi tulifika Kivukoni, na hapo ndipo nilipoona kwamba gati nililozoea halipo. Boti imefungwa kwenye mti, na kila anayeiendea anaingia majini mpaka magotini, anashika ukingo wake wa chuma, anapanda. Kina mama wanafua palepale. Nilimuuliza Fidelis, kijana anayeendesha boti ya mama mdogo, maji yanapanda na kushuka saa ngapi, ili nijue nilegeze kebo kiasi gani.

Alicheka mpaka akashika tumbo. “Dada Tekla, hapa yanapanda mwezi wa tatu, yanashuka wa sita.”

Nilicheka nami, lakini moyoni nilishatishika. Watu hudhani maji ya chumvi ndiyo ya hatari zaidi kwa umeme. Kwa aliye ndani ya maji ni kinyume chake. Umeme ukivujia baharini hutawanyika, maana chumvi yenyewe inaupitisha. Ukivujia mtoni, humwona mtu ndiyo njia nyepesi, humpitia yeye, misuli inakaza na anazama bila hata kupiga kelele. Na hapa watu walikuwa wanaishika boti ya chuma huku miguu imo majini.

Umeme wenyewe tuliupata kwa Mzee Kasiani, mwenye mashine ya kukoboa mpunga iliyo juu ya ukingo. Ni mtu mpole, amejaa pumba mpaka kwenye kope. Nilivuta kebo kutoka kwake juu ya fito za mianzi, nikachimbia kwenye tope nondo ya ethi, ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, nikafunga kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja hata kidogo. Friza likanguruma. Mama mdogo alifungua mfuniko, akaweka kiganja juu ya samaki, akakaa hivyo kama anayempima mtoto homa. “Asante, mwanangu,” akasema. Nililala vizuri siku ile, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Jumatano ilipiga radi iliyotikisa mabati ya mji mzima. Friza lilipona. Kifaa changu kiliungua, na maduka yote ya vifaa vya umeme niliyozunguka hayakuwa nacho. Cha kutoka Morogoro kingefika baada ya Pasaka. Nilisema tunazima. Mama mdogo alikaa juu ya ndoo akanitazama. “Zima basi,” akasema, “halafu unisaidie kuwamwaga.” Sikuweza. Tukakubaliana jambo moja: hakuna wa kugusa plagi ya boti mpaka swichi ya mashineni iwe imezimwa. Na ilikuwa rahisi, kwa sababu kila asubuhi Mzee Kasiani, kabla ya kuwasha mashine, huzima kwanza umeme wa boti, mashine isije ikaunyonya wote, na huurudisha jioni akifunga. Asubuhi ikifika, kebo imekufa. Fidelis alilijua hilo na Alhamisi alilifuata bila kosa lolote.

Ijumaa Kuu, mimi na mama mdogo tulishuka Kivukoni jua likiwa limeshapanda. Mpango ulikuwa Fidelis arudi na mtumbwi kutoka kambi ya mwisho, achomoe kebo, aisogeze boti mpaka karibu na barabara, ili watu wakitoka kwenye maandamano ya Njia ya Msalaba wakute samaki. Nilipofika ukingoni nilisikia sauti ambayo siku nyingine mashine huifunika. Friza lilikuwa linanguruma.

Mashine ya mpunga haikufunguliwa. Nani anakoboa Ijumaa Kuu? Na kama haikufunguliwa, hakuna aliyezima. Mlango ulikuwa na kufuli la kuzuia wezi wa mpunga, dirisha lina nondo, na begi langu la vifaa nilikuwa nimelifungia humo ndani mwenyewe. Mto nao ulikuwa umepanda usiku; maungio ya kebo niliyoyaning’iniza juu sasa yalikuwa yanakaribia kulambwa na maji. Simu ya Mzee Kasiani ilikuwa imezimwa. Kwa Fidelis huko mtoni hakuna mtandao.

“Mama, simama hapa. Asiingie mtu majini. Fidelis akitokea, asiguse boti.”

“Akiwa hanisikii?”

“Fanya lolote.”

Nilipanda bodaboda kumfuata mwenye ufunguo. Maandamano tuliyakuta barabarani, karibu na Kibaoni, barabara nzima imejaa watu na miavuli, wanaimba taratibu. Dereva alikataa kuwapita, na nilimwelewa. Nikashuka nikapenya kwa miguu, nikiomba samahani kulia na kushoto, huku kina mama wakinitazama kama mtu aliyekuja msibani na redio. Nilimtafuta Mzee Kasiani kwa wanaume wa nyuma, kwa wazee, kwa kwaya. Hakuwepo. Alikuwa mbele kabisa, msalaba begani.

Nilikwenda sambamba naye nikamsemesha kwa sauti ya chini. “Shikamoo baba. Umeme wa boti ulizimwa?”

Hakunitazama. “Leo sijafungua, mwanangu. Nikasema acha samaki wa mama wapoe.”

“Fidelis anakuja kuchomoa. Anajua umezimwa.”

Hatua zake zilikatika. Nilinyoosha mkono nikaomba ufunguo. Alitikisa kichwa. “Kufuli lile lina ubishi, hulifungui wewe. Shika hapa.” Kabla sijaelewa, bega langu lilikuwa chini ya mti ule na yeye ameshatoka. “Usiulaze chini mpaka kituo,” alisema, na yule mzee mpole akakimbia kuelekea kwenye bodaboda iliyonileta.

Nimebeba betri za boti maishani, nimebeba injini. Ule msalaba ulikuwa wa mti mbichi na ulinikata bega, lakini uzito haukuwa ndio tatizo. Tatizo lilikuwa mwendo. Huwezi kukimbia na msalaba. Nyuma yako kuna watu mia kadhaa, wanaimba, na wanakwenda kwa miguu yako. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuruka, na nilitakiwa kuweka mguu, kungoja, kuweka mwingine. Simu ilikuwa mkobani na sikuwa na mkono wa kuitoa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilimwona Fidelis akitoka mtumbwini, nikamwona akinyoosha mkono kwenye ukingo wa boti, tena na tena, na kila mara nilikuwa mbali vilevile. Niliomba. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba nililitaja jina la Fidelis.

Kituoni, pale pa kusimama na kusali, watu walipiga magoti nami nikapiga, mti ukiwa begani. Simu ikalia. Katekista alinigeukia. Nikaitoa, nikapokea mbele ya parokia nzima.

“Umezimwa,” mama mdogo alisema, anahema. “Mzee amefika. Fidelis yupo hapa, amevimba jicho.”

“Umeme?”

“Umeme gani? Mimi. Nilimpiga na bonge la tope. Nimempiga na mengine mengi, mpaka akarudi katikati ya mto anauliza amenikosea nini.”

Nililia palepale, na kwa kuwa ni Ijumaa Kuu hakuna aliyeshangaa. Dada mmoja wa kwaya alikuja kunipokea msalaba. Ningeweza kumpa, nikapanda bodaboda, nikafika mtoni kwa dakika chache. Nilimwambia, “Bado kidogo.” Nikaenda nao mpaka kituo kilichofuata, kwa mwendo uleule, na ndiyo safari pekee ya mwaka huu ambayo sikuiharakisha.

Samaki waliisha kabla ya magharibi. Wanunuzi waliniita Simoni wa Kirene, yule aliyemsaidia Yesu msalaba, na Mzee Kasiani alikuwa anawasahihisha kwamba ilikuwa baada ya kituo cha saba, Simoni ni wa kituo cha tano. Jumamosi nilihamishia swichi ya boti nje ya ukuta, ndani ya kisanduku, pale ambapo yeyote anaifikia.

Sasa nimerudi kwenye gati langu, na wenzangu wanasema nimekuwa msumbufu. Zamani niliuliza tu kama umeme umezimwa. Siku hizi nauliza nani amezima, na kama leo ni sikukuu kwake. Kule Kilombero niliyategemea mazoea ya mtu mwema kana kwamba ni swichi, na wema wake ndio nusura utuulie mtu.

Jumatatu ya Pasaka, Kibaoni, Fidelis alikuja kunisindikiza, jicho bado limefumba nusu. Tulisimama watatu tukingoja basi. Aliniuliza polepole, mama mdogo asisikie, “Dada, ningekufa kweli?”

“Ndiyo.”

Kisha alimwendea mama mdogo, akapiga goti kwenye kokoto za stendi. “Shikamoo mama.”

“Marahaba. We Fidelis, si umeshaniamkia asubuhi?”

“Ile ilikuwa ya kila siku.”

Mama mdogo aligeukia upande wa Ifakara mjini, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema basi hilo linakuja. Barabara ilikuwa tupu.