Bi Oleta Achagua Bastola

Oleta Stidham alifikisha miaka sitini na tatu bila kumiliki bastola, na katika bonde lile la Kentucky hiyo ni ajabu kama nyumba isiyo na sufuria. Bunduki ya marehemu mumewe, Clell, ilikaa nyuma ya mlango mpaka mwanawe Rudy alipoibeba akaenda kuiuza apate vidonge. Ikafuata saa ya ukutani, kisha pete ya ndoa. Mwezi wa Machi Rudy alirudi akakuta hakuna kilichobaki cha kuuza. Alimbana mama yake kwenye mlango wa jokofu, akamkaba koo, na hakumwachia mpaka alipochoka mwenyewe.

Oleta hakwenda polisi. Alivaa sweta la shingo ndefu, akaenda kazini kwake, chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, na waliomuuliza aliwaambia ana mafua. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wenzake walinong'ona huku wakikunja mashuka. Wenye watoto wazima wa afya hawakosi methali. Jumamosi akaenda dukani kwa Burl Cantrell, ambaye aliuza silaha na kufundisha watu kuzibeba chini ya nguo bila kuonekana.

Burl alitandika kitambaa juu ya kaunta, akaweka bastola ndogo ya rangi ya waridi.

"Hii akina mama wanaigombea, Bi Oleta. Nyepesi, hata kwenye pochi ya kanisani inaingia."

"Burl, nimekuja kununua bastola au rangi ya mdomo?"

Burl alicheka mpaka masikio yakamwiva. Hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka ajaribu mwenyewe. Ile ya waridi, risasi ya kwanza tu, ilimpiga teke hadi kwenye kiwiko, na vifundo vya mikono yake vilikuwa vimeshaliwa na baridi yabisi.

"Nyepesi ndizo zenye mateke," Burl alikiri. "Watu wananunua, wanapiga mara moja, wanaitupa kwenye droo. Chukua ile utakayoweza kufanya nayo mazoezi, Bi Oleta. Nyingine zote ni pambo."

Ya pili alishindwa hata kuikoki. Ya tatu ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, imetumika, weusi wake umeanza kupauka. Hiyo ilitulia mkononi.

"Itakuchosha kiunoni," Burl alisema.

"Nimebeba mashuka mabichi maisha yangu yote. Nifungie."

Tangu siku hiyo hakukosa mazoezi ya Jumamosi. Alijifunza kuichomoa chini ya sweta na kuweka kidole mbali na kifyatulio mpaka awe ameamua. Alijifunza hata kukumbatiana upya. Kule huingii nyumba ya mtu bila kukumbatiwa, na kanisani unakumbatiwa kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti chako. Mkono wa shangazi mmoja tu unatosha kugundua ulichoficha.

"Mikono yako ipite chini, ya mwenzako ipite juu," Burl aliwafundisha wanafunzi wake wa Jumamosi, akawapanga wawili wawili wakumbatiane, nao wakacheka kama wako harusini. "Ukimkumbatia mtu shingoni, umekwisha. Mpaka mchungaji atajua."

Jumamosi moja Burl aliwasimamisha mbele ya karatasi za shabaha, mikono mitupu.

"Leo hatupigi. Fumbeni macho mumwone huyo anayekuja kuwadhuru. Mwoneni uso. Amueni hapa kama mtafyatua, kwa sababu siku yenyewe hakuna muda wa kuamua. Asiyeweza aniachie bastola yake, sitamcheka."

Wengine bila shaka walimwona jambazi mwenye kinyago, na jambazi mwenye kinyago hana mama. Oleta alimwona Rudy, na lile pengo la jino alilolipata alipoanguka na baiskeli, na nywele alizozoea kumkata yeye mwenyewe jikoni.

"Umemwona, Bi Oleta?"

"Nimemwona."

"Utaweza?"

"Akinikaba tena, nitaweza."

Burl alikuwa amesoma na Rudy darasa moja. Alitazama chini, akapita kwa mwanafunzi mwingine.

Rudy alikuja Jumapili moja majani yalipokuwa yakipukutika, Oleta akiwa anapika maharage na mkate wa mahindi. Alibisha hodi, yeye ambaye hakuwahi kubisha. Mashavu yaliyobonyezwa na vidonge yalikuwa yamejaa tena.

"Nimeacha, Mama. Niko kwenye kituo cha waraibu kule mjini, wamenileta nile na wewe. Nimekuja kukuomba radhi."

Jumamosi zote zile zikamtoka kichwani. Alisimama kwenye ncha za vidole akamkumbatia shingoni, kama alivyomkumbatia tangu kijana alipompita urefu. Mikono ya Rudy ikashuka kiunoni mwake, na ule wa kulia ukagota kwenye chuma.

Rudy hakujitoa.

"Ni kwa ajili yangu, siyo?"

Uongo Oleta alikuwa nao tayari: wezi, dubu, majirani wapya. Mdomo ulikataa.

"Ndiyo, mwanangu."

Rudy alikuwa bado amemshika. "Isiwe tu ile nyepesi wanayowauzia akina mama."

"Siyo. Ni nzito."

"Afadhali. Ile ingekuvunja mkono." Alijaribu kucheka. "Na mazoezi unafanya?"

"Kila Jumamosi."

"Usiache, Mama. Hata ukiniona nimenyooka hivi, usiache. Mimi mwenyewe sijiamini."

Walikula. Rudy aliongeza maharage mara mbili, akaosha vyombo, akasugua na sufuria iliyoungua. Gari la kituo lilipopiga honi barabarani, alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akashuka ngazi bila kugeuka.

Oleta alimpungia mkono mpaka gari likaondoka. Moyo ulimvuta amkimbilie. Aliingia ndani, akafunga komeo na mnyororo, na Jumamosi akaenda mazoezini.