Mtungi wa Lita Kumi

Kanisani kwetu Kalama, Jumapili ya kwanza ya Januari, akina mama walikuwa wanasimama mmoja mmoja kutoa ahadi ya mwaka. Na ahadi zenyewe, wacha tu! Huyu atafunga na kuomba kila Ijumaa, yule hatagombana tena na mume wake. Kufika Februari mbio za sakafuni zishaishia ukingoni, na mume anasikika akigombezwa kutoka ng'ambo ya bonde. Mimi sikuwa bora. Mwaka mmoja niliahidi kujitunza: nitalala mchana, nitakula matunda, sitaenda mtoni kabisa, mume wangu atanunua punda. Kulala mchana kulinishinda wiki hiyo hiyo. Punda hajaonekana hadi leo.

Mwaka ninaousimulia, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa na mtoto mchanga na mkono wa kulia uliokuwa unakufa ganzi. Sisi wanawake wa Ukambani hatubebi maji utosini. Mtungi wa lita ishirini unakaa mgongoni, na mukwa, ule mkanda wa ngozi, unapita juu ya kipaji cha uso. Shingo ndiyo inavuta kila kitu. Na kutoka mtoni, tunakochota kwenye mashimo ya mchangani, hadi kwangu ni kupanda mlima mtupu. Nilibeba hivyo tangu nikiwa msichana. Sasa vidole vilikuwa vinaachia vitu bila kuniuliza. Nilivunja kikombe, nikavunja kingine, nikacheka. Halafu asubuhi moja, nikimtoa mtoto kwenye karai la kuogea, mkono ukalegea. Nilimdaka kwa goti na kiwiko. Hakuumia, lakini nilikaa chini nikalia mpaka yeye mwenyewe akanyamaza kunisikiliza.

Mjini Machakos nilienda kwa daktari nikitaka sindano, maana kwetu bila sindano hujatibiwa. Alinigusa shingo, akanifinya vidole, akauliza nabeba nini na nabeba vipi.

"Mama, huo mkanda ukiendelea kuvuta hivi, mkono utakukataa kabisa."

"Kwa hivyo nisibebe maji? Nitapika na nini, maombi?"

Akacheka. "Beba nusu. Na ukifika katikati ya mlima, keti kidogo."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Lakini kila siku."

Aki nilikasirika! Safari yote hiyo kuja kuambiwa nikae chini.

Lakini nilikuwa na hofu kuliko hasira. Ilipofika zamu yangu kanisani nilisimama nikasema, "Mwaka huu nitabeba mtungi wa lita kumi, na nitapumzika katikati ya mlima." Kanisa zima likacheka. Lita kumi ni mtungi wa mtoto wa shule.

Mama mkwe wangu, ambaye tulikaa naye boma moja, hakucheka. Alinisubiri mpaka tukafika nyumbani.

"Watu watasema mwanangu alioa mgonjwa."

"Mwaitu, mimi ni mgonjwa." Mwaitu ndilo jina letu la mama, na mama mkwe ni mama.

"Mimi nilibeba ishirini na mimba juu yake. Sikuenda kulia kanisani."

Moyoni nilijibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mdomoni nikasema, "Ndiyo, Mwaitu," maana adabu ni adabu.

Kubeba nusu hakukunishinda. Kilichonishinda ni kukaa. Kuna jiwe pale katikati ya mlima, na siku za kwanza nililikalia kama limejaa miiba, mikono inang'oa nyasi ili anayepita asidhani sina kazi. Wenzangu wakipita na ishirini zao wananichokoza, "Kwani unaatamia mayai?" Nami nawajibu, "Ndiyo, na vifaranga siwagawii!" Nyumbani maji yalipopungua mume wangu alinung'unika. Nikamwambia njia ya mtoni anaijua.

Februari ikaja, bado nakaa. Nilijiuliza sana kwa nini hii haikuvunjika kama zile nyingine. Nafikiri ahadi zangu za zamani zilitaka mtu mwingine, mwenye nguvu kuliko mimi, na punda. Hii ilinitaka mimi nilivyo. Hata siku ya uvivu niliiweza, na siku niliyoisahau nilianza tena kesho yake bila kujitukana. Polepole vidole vikaanza kurudi, cha mwisho kikiwa kidole gumba.

Alasiri moja ya mavuno tulikuwa uani, mimi na mama mkwe, tunapukuchua kunde, mtoto mapajani pangu. Sufuria ikafurika jikoni. Nikainuka haraka nikampa mtoto: "Mwaitu, nishikie."

Akarudisha mikono nyuma.

Sufuria nikaiacha ifurike. "Kwani mtoto wangu ana nini? Tangu azaliwe hujampakata hata mara moja! Ni kwa sababu mama yake ni mgonjwa?"

Akafungua kitambaa cha kichwa, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele yangu. Juu ya kipaji kulikuwa na bonde, mahali mukwa ulipokaa maisha yake yote. Kidole changu kingelala humo.

"Huu mkono wa kulia hausikii," alisema. "Hata moto hausikii. Na huu mwingine unaufuata. Niliogopa nitamwangusha."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kila mtu anabeba. Halafu nikakuona pale kwenye jiwe. Kumbe mtu anaweza tu kukaa."

Hasira yangu yote iliisha. Nikamwonea huruma. Nikamwegemeza ukutani, akanyoosha miguu, nikamlaza mtoto mapajani pake na kupitisha mikono yangu chini ya mikono yake. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, anataja macho ya nani, pua ya nani. Mtoto akashika kidole cha ule mkono wa kulia, akakaza.

"Mwaitu, amekushika kidole," nilimwambia, kwa sababu hakuwa amejua.