Joto la Shimo

Baridi ya mwezi wa sita haina adabu. Falonne alizitandaza nguo za mwanawe mchanga, Abigaëlle, juu ya ubao kwenye mdomo wa shimo, katikati ya chumba cha kulala: triko la kujikinga na baridi, soksi, kofia ya sufi. Hapa mtaani Kasulo, nje kukiwa na baridi, mashimo hupumua, na joto la chini hupanda lenyewe.

Shimo hilo alilichimba mumewe, Stany, akifuata madini ya kobalti chini ya kitanda chao. Mwezi wa nne udongo ulimfunika humo, watu wakashindwa kumtoa.

Mama mkwe, Henriette, aliingia na majirani wawili wenye koleo.

“Mama Abigaëlle, tulishalia. Leo tunafunga hii shimo.”

Falonne alizitwaa nguo ubaoni. Alimvika mtoto triko, akavuta vikono vyake vikatokeza. Nguo zilikuwa vuguvugu, kama zimevuliwa mwilini mwa mtu sasa hivi.

“Mama, muache kwanza baridi ipite. Baba yake haina na kitu ingine ya kumupa.”

Henriette alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya shimo alimolala mwanawe. Joto likampanda mkononi.

“Mufunge,” akawaambia majirani.