Unga wa Baraka

Kwa miaka ishirini na minane, mwanamke ambaye sokoni walimwita Mama Mizani aliamka kabla ya jua, akasali, kisha akayapangusa kwa kitambaa laini mawe yake ya kupimia, ya shaba, kuanzia lile la kilo tano, zito na tulivu kama mzee aliyeshiba, hadi lile la gramu moja, dogo kuliko punje ya hindi. Kila jiwe lilikuwa na shimo lake ndani ya kasha la mbao. Hakuyagusa kwa vidole, kwa kuwa jasho la kidole nalo lina uzito. Aliyanyanyua kwa kibanio, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto mchanga. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa mizani katika halmashauri ya mji. Mizani iliyo sawa aliifunga kwa waya na kuibana kwa lakiri, yaani muhuri wa madini ya risasi wenye nembo ya mji. Iliyopunja aliipaka rangi nyekundu, na mwenye mizani akakoma kuitumia mpaka itengenezwe.

Wachuuzi walimwogopa, lakini ni woga uliochanganyika na mapenzi. Muuza nyama, mtu mwenye tumbo la heshima na ulimi usiojua kupumzika, ambaye hakuwahi kuonekana katika ibada ya aina yoyote, alimpokea kila mara kwa maneno yake.

"Mama Mizani, usiku nimeota umenifunga lakiri mdomoni."

"Ndoto njema hiyo. Sogeza mizani."

Akasogeza, naye akapima, na mizani ya mtu yule asiyesali ikakutwa sawa kama ilivyokutwa sawa miaka yote. Jambo hilo lilimkera kidogo Mama Mizani, wala hakulificha mbele ya Mola wake alipoomba jioni. Yeye alikuwa mcha Mungu wa kweli. Kwake, kumpunja mtu robo kilo ya nyama kulikuwa dhambi kwanza, na kosa la sheria baadaye. Na mara nyingi alirudi nyumbani akilalamika kwamba watu wa siku hizi wanaogopa rangi nyekundu kuliko wanavyomwogopa aliyewaumba.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyomrudia. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na pia katibu wa kamati ya nyumba yao ya ibada. Asubuhi moja, akiwa ameketi mbele ya cherehani yake dirishani, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni, alimsomea mkewe ombi ambalo kamati ingelipeleka halmashauri. Lilisema hivi: ukaguzi wa mizani uondolewe mikononi mwa halmashauri. Kila mfanyabiashara aape mbele ya Mwalimu, yaani kiongozi wa nyumba ya ibada, kwamba hatampunja mtu, na aliyeapa apewe kibandiko cha kijani. Asiyeapa asipime kitu sokoni. Mizani ikishakaa sawa, zifuate leseni, kisha shule, kisha baraza la mji lenyewe, mpaka mji wote uongozwe na dini.

Mama Mizani aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Na muuza nyama ataapa wapi?"

"Atakuja kwetu."

"Hasali kwetu, Baba Watoto. Hasali popote."

"Basi ndipo atakapoanza." Fundi akachomoa pini moja mdomoni na kuichomeka kwenye pindo la suruali. "Mama Watoto, nani kila siku husema watu hawana hofu ya Mungu? Si wewe? Leo tunawaletea hofu yenyewe, unauliza ataapa wapi."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utapumzika. Miguu hiyo unailoweka maji ya chumvi kila jioni, unadhani sioni?"

Nusu ya moyo wake ilikuwa upande wa mumewe. Kama dini ndiyo iliyomfundisha haki, kwa nini isiishike haki hiyo kwa mikono yake yenyewe? Lakini nusu nyingine ilimkumbuka muuza nyama na mizani yake iliyonyooka, ikauliza ni kwa kosa gani mtu huyo atafungiwa duka.

"Halafu tuna ushahidi," fundi akaendelea, uso ukimng'aa. "Unga wa baraka."

Habari za unga huo mji mzima ulizijua. Nyumba ya ibada ilikuwa na stoo, na kila mwezi kaya arobaini zisizojiweza zilipewa kilo mbili mbili za unga. Magunia yaliletwa yakiwa yamepimwa barabara, jumla kilo themanini kamili. Na kila mwezi, kaya zote arobaini zikishapata haki yao, zilibaki kilo tano na ushei. Si mara moja wala mbili. Ilikuwa miaka sita mfululizo. Wanakamati waliuita baraka, wakaupikia uji, wakaunywa pamoja baada ya kikao wakimshukuru Mungu.

"Sokoni kuna mkaguzi, na unga hupungua," alisema fundi. "Kwetu hakuna mkaguzi, na unga huzidi. Mwenyekiti wa halmashauri anakuja mwenyewe siku ya ugawaji ajionee. Nawe amesema uje na kasha lako, kama shahidi."

Siku ile ilipofika, Mama Mizani aliingia stoo ya nyumba yake ya ibada kwa mara ya kwanza. Waliopewa unga walipokelea dirishani, nje. Ndani walifika wanakamati pekee. Katika daftari lake la ukaguzi zilikuwamo mizani za wauza samaki, za wauza misumari, hata ile ya posta. Ya mahali hapa haikuwamo. Hakuna aliyemkataza. Aliona tu kuwa ni utovu wa adabu kuikagua nyumba ya Mungu.

Stoo ilifagiwa ikanukia. Mwenyekiti wa halmashauri, mtu mrefu mwenye koti la kubana, alisimama na madiwani wawili karibu na magunia. Mwalimu, ambaye hakuwa hata na miaka arobaini na miwani yake ilimshuka puani kila alipocheka, alisimama mlangoni. Alikuwa safarini mwezi mzima, akarudi juzi na kukuta jina lake juu ya ombi ambalo hakuliandika. Nje ya dirisha foleni ilikwisha kujipanga, na wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo na kikapu.

Juu ya meza ilisimama mizani ya vitanga viwili. Kitanga cha mawe kilikuwa kitupu. Kitanga cha unga kilitandikwa kitambaa cha mahameli ya kijani, chenye bitana, nyuzi za dhahabu na vishada pembeni, kazi ya mikono ya fundi mwenyewe. Alikishona miaka sita iliyopita, kwa sababu hakuvumilia kuona sadaka ikiwekwa juu ya bati tupu. Na kitanga hicho, hata kabla ya kutiwa unga, kilikuwa kimeinama.

"Mbona imelala upande?" aliuliza mwenyekiti.

"Hiyo ni adabu yake, Mheshimiwa," fundi alijibu kwa furaha. "Mizani yetu huinama kwa unyenyekevu. Tumeizoea."

Madiwani wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama Mizani hakutikisa kichwa. Jicho lililoangalia mizani kwa miaka ishirini na minane lilikuwa limekwisha kuona. Mumewe alimtazama, na kwa kuwa walikuwa wameishi pamoja muda mrefu mno, akaisoma sura yake mara moja, ingawa hakujua bado ni kwa nini. Akamsogelea.

"Mama Watoto," akanong'ona, "lolote uliloliona, liache mpaka nyumbani."

Akinyamaza, ombi lingepita adhuhuri ile; lakiri yake ingetiwa kabatini, muuza nyama angefunga duka, na bibi wa dirishani angeendelea kupokea anachopokea. Akisema, angemvua nguo mumewe mbele ya wakubwa wa mji, na nyumba ya ibada aliyosalia tangu utoto ingechekwa sokoni mpaka mwisho wa mwaka. Akamwomba Mungu wake amwonyeshe njia, na wakati akiomba akasikia sauti ya bibi nje.

"Wanangu, ndani mmelala? Jua linanichoma utosi."

Mama Mizani akapiga moyo konde. Akaweka kasha juu ya meza na kulifungua.

"Mheshimiwa, nimeitwa kama shahidi," alisema. "Shahidi wa mizani hushuhudia kwa mawe."

Kwa kibanio akaliweka jiwe lake la kilo mbili katika kitanga cha mawe, kisha akateka unga na kuumimina juu ya mahameli mpaka vitanga vikalingana. Wote wakakubali kuwa ni kilo mbili. Halafu akaumimina unga ule kwenye mfuko wa karatasi na kukiondoa kitambaa, akachagua mfuko wa pili unaofanana na ule, akauweka upande wa jiwe ili karatasi isimdhulumu mtu, akapima tena. Upande wa jiwe ukashuka kwa kishindo kidogo. Mwisho akakikunja kitambaa chenyewe, akakiweka peke yake kitangani, na upande wa pili akaongeza mawe madogo: gramu mia, kisha ishirini, kisha ishirini nyingine. Mizani ikatulia.

"Gramu mia na arobaini," akasema. "Mara kaya arobaini. Kilo tano na ushei."

Mwanakamati mmoja, aliyejulikana kwa kuongeza bakuli, alijishika tumbo kama mtu aliyekumbuka uji wote wa miaka sita kwa mpigo.

Bibi alikuwa ameingiza kichwa dirishani. "Kumbe ni kitambaa," alisema. "Mimi nilidhani kilo zenu ni nyepesi kwa sababu ya sala, Mungu ananipunguzia mzigo wa njiani."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, miwani ikaanguka kabisa, akaidaka kwa mikono miwili. Kisha uso wake ukabadilika, akaja mpaka mezani.

"Bibi, tusamehe," alisema kwanza, akielekea dirishani. Ndipo akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, hapa hakuna mwizi. Hawa wote wangeapa, na kiapo chao kingekuwa cha kweli, na bibi angepunjwa vilevile. Kazi yangu ni kumwambia mtu asidhulumu. Akishaniitikia, lazima awepo wa kumpima. Na mtu huyo asiwe mimi. Mkinipa mimbari na mizani, siku nikikosea nani atathubutu kuingia humu na kasha?"

"Lakini Mwalimu," fundi alijitetea kwa sauti ndogo, "sheria isiyo na Mungu si kitu kikavu?"

"Ni kikavu, katibu. Basi tuilowanishe kwa tabia zetu. Mkeo hapo anasali kuliko mimi, na amefika na mawe ya serikali. Dini yake haikumfukuza kazini; imemfanya aifanye mbele ya mumewe. Unajua hilo lina uzito gani?"

Fundi alikitazama kitambaa chake, vishada na nyuzi za dhahabu. Alikuwa mtu wa kujivuna lakini hakuwa mtu mbaya. Akatoa ombi mfukoni, akalikunja mara mbili, akalirudisha.

"Mheshimiwa," alisema, "kamati itakutana tena. Chai tu, bila uji."

Mwenyekiti akacheka, na madiwani wakapata ruhusa ya kucheka. Mama Mizani akavifuta vitanga, akaipima mizani ikiwa tupu, ikasimama wima bila unyenyekevu wowote. Akaifunga waya, akaibana lakiri, akafungua daftari na kuandika mstari aliokuwa akidaiwa tangu alipoajiriwa. Aliandika pia, kwa kalamu ileile, kuwa mkaguzi alichelewa kufika.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu.

"Sokoni watanicheka," fundi alisema.

"Watakucheka. Muuza nyama ataanza."

"Ungeninong'oneza."

"Wewe ndiye uliyeninong'oneza, Baba Watoto." Kisha akamshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya barabarani. "Kitambaa ni kizuri. Kitandike mezani, mizani isimame juu yake."

Muuza nyama kweli alianza, akamwuliza fundi kama angeweza kumshonea koti la gramu mia na arobaini. Fundi akachukua vipimo vya tumbo lake, akamjibu kuwa kwa mwili ule koti hilo lingefunika kifungo kimoja. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana.

Mwezi uliofuata wanakamati walileta unga kutoka majumbani mwao kufidia walichokunywa, na kila kaya ikapata kilo zake mbili na nyongeza juu. Bibi alipokea kikapu dirishani, mkono ukashuka nacho mpaka magotini.

"Haya sasa, uzito wenu huu," alisema. "Mimi na fimbo yangu tutafikaje?"

Mama Mizani alikuwa anaangalia lakiri. Alimtazama tu mumewe. Fundi akavua miwani yake ya kushonea, akatoka nje, akajitwika kikapu begani. Akaonekana akipanda kilima polepole nyuma ya bibi, ambaye kila baada ya hatua chache aligeuka na kumwonya asimwage hata punje.