Mama Bupe, Mama Lusekelo

Harufu ya mafuta ya mtoto ikichanganyika na moshi wa mkaa unaoanza kushika hunikunja moyo hata leo, kabla sijakumbuka sababu. Ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chetu pale Kihesa, mjini Iringa, kipupwe kile nilipokuwa darasa la pili na mdogo wangu Lusekelo akiwa bado wa kubebwa. Baridi ya Iringa mwezi wa sita haina huruma. Ukungu ulikuwa ukishuka usiku na kulala juu ya mabati, asubuhi bati likadondosha maji kama vile mvua imenyesha. Mama aliamka kungali giza, akawasha jiko kibarazani, akalipepea kwa kipande cha boksi mpaka mkaa ukawa mwekundu, kisha akaliingiza ndani na kuacha mlango wazi kidogo, ili Luse asiogeshwe kwenye baridi. Mimi nilikuwa kitandani, blanketi limenifika puani, ninatazama. Mama alizamisha kiwiko kwenye beseni kupima joto la maji, akamwingiza mtoto polepole, akamsugua mikunjo ya mapaja na shingo, akamkausha, akampaka mafuta mpaka akang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai. Na muda wote huo alikuwa akimsemesha Kinyakyusa, kile laini cha kwao Tukuyu, kilichojaa majina ya mapenzi. Kwangu kilibaki Kiswahili cha maagizo: "Bupe, leta taulo. Bupe, rudisha mlango, baridi inaingia. Bupe, hujavaa tu?"

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami nilikuwa nimekwisha kuwa cha zamani. Lakini wivu wangu ulikuwa na mzizi mrefu kuliko wivu wa kawaida wa mtoto aliyepata mdogo. Mimi sikuogeshwa na Mama asubuhi hata moja ninayoweza kuikumbuka. Nilipokuwa mchanga yeye alikuwa chuo cha ualimu, akaniacha kwa bibi, mama yake mzazi, ambaye alikuwa na mgahawa wa mabanzi pale Igawa, kando ya barabara kuu, akiwauzia madereva wa malori wali na maharage. Huko ndiko nilikojifunza kutembea, kati ya masufuria na miguu ya wageni. Nililetwa Iringa nilipofika umri wa kuanza shule. Baba alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga Rujewa, akija nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Alinipaka mafuta miguuni, alinifunga vifungo vya sweta, alinisubiri nimalize uji wangu. Nilikuwa ndiyo kwanza ninaanza kuzoea utamu huo, na tazama, akaja Luse akaukalia wote.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mama alinyonyesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta kiatu chini ya kitanda. Alimimina uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akakunja nepi za kitambaa, zile zilizoshindwa kukauka kwa ukungu akazipiga pasi ya mkaa mpaka zikatoa mvuke. Alivaa blauzi yake nyeupe ya kazini, na mara nyingi, pale tu alipomaliza kifungo cha mwisho, Luse alicheua begani. Hapo Mama alifumba macho, akavuta pumzi, akaanza tena na blauzi nyingine. Wanafunzi wake walimwona akiingia darasani amenyooka kama rula. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa mbeba mkoba. Nilitembea nyuma yake kwenye kile kijia cha mteremko, mkoba wa mtoto ukinigonga magoti, nikitazama kisogo cha Luse kikichungulia kwenye kitenge, na niliona kabisa kwamba mgongo ule ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Luse alikuwa akishinda kwa Mama Kalinga, mjane wa Kihehe aliyelea watoto wa wafanyakazi katika chumba kikubwa kilichotandikwa mikeka, karibu na shule yetu, ile Mama aliyofundisha nami nikasoma. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye mikono yenye joto hata kwenye ukungu. Kila asubuhi alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, Mama Lusekelo!" Jina hilo liliniingia kama mwiba. Kabla ya hapo Iringa nzima ilimjua Mama kwa jina langu, Mama Bupe. Dukani, kanisani, bombani. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Siyo Mama Lusekelo," nikamwambia. "Ni Mama Bupe."

Mama alinikata jicho, maana mtoto hamsahihishi mtu mzima, lakini Mama Kalinga alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya, mwenye mama kasema," akajibu. Kesho yake akasema tena Mama Lusekelo. Nafikiri alisahau tu, alikuwa na watoto wengi wa kukumbuka. Mimi sikusahau.

Mwanzoni Luse alikuwa akilia tukimwacha. Alishika kola ya Mama kwa vidole vyote, akapiga kelele ambayo tuliisikia mpaka kona ya shule, na Mama alitembea haraka bila kugeuka. Nakiri kilio kile hakikunihuzunisha. Nilikuwa nikifikiri, naye aonje. Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu mzito, hata huoni nyumba ya jirani. Tulikuwa tumechelewa, kwa kuwa mkaa ulikuwa umelowa na maji yalikataa kupata moto. Mama alimfungua Luse mgongoni, akamgeuza ili ampe busu la kwaheri kabla ya kilio. Luse hakulia. Alimwona Mama Kalinga akitokea mlangoni, akacheka kwa fizi zake zote, akajirusha kwake kwa mikono miwili, hata nusura amponyoke Mama. Mama Kalinga akamdaka. "Amezoea mtoto, sasa utafanya kazi kwa amani," akasema kwa furaha, akaingia naye ndani. Luse hakutazama nyuma.

Mama alibaki amesimama pale, kitenge kimening'inia mkononi. Nilimtazama usoni nikashtuka. Sura ile niliijua. Sikuwahi kuiona kwenye kioo, lakini niliijua kutoka ndani: ndiyo sura niliyokuwa nayo mimi chini ya blanketi, kila asubuhi, jiko likiingizwa ndani.

Tukaanza kutembea. Baada ya hatua chache nikaona anajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mama, unalia?"

"Ni baridi hii."

"Anampenda Mama Kalinga kuliko wewe?"

Ni swali la mtoto, na lilikuwa kali, lakini hakunigombeza. Kengele ya shule ikalia, nikajua tutamkuta mwalimu mkuu getini. Mama naye aliisikia. Badala ya kuongeza mwendo, akachuchumaa mbele yangu, magoti ya sketi yake yakagusa majani yenye umande.

"Hata wewe ulinifanyia hivi," akasema. "Nilipata likizo chuoni, nikapanda basi mpaka Igawa, nimekushonea gauni la njano. Nakuita, 'Bupe, njoo kwa mama.' Ukajificha nyuma ya kanga ya bibi yako. Nikakubeba kwa nguvu, ukalia mpaka madereva wakaacha kula. Ulikuwa unamwita bibi mama. Mama yangu mwenyewe aliyenizaa! Nilimwonea wivu, Bupe, nikashindwa kumeza hata wali wake."

Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Nilijua kwamba niliachwa. Hakuna aliyeniambia kwamba nilimkataa.

"Nilikukataa kabisa?"

"Kabisa. Mpaka uliposinzia mchana, ndipo nikakulaza kifuani. Nilikaa na wewe hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, naogopa kujisogeza usije ukaamka ukaniona ni mimi."

Akanifunga kifungo cha juu cha sweta, kile nilichokuwa nikikikosea, akanishika mkono. Tulifika geti limefungwa. Mwalimu mkuu alisimama na fimbo yake kwapani, akamuuliza Mama kwa sauti ya kuwasikilizisha waliochelewa wengine, mwalimu mzima anachelewaje namna hii. Mama alijibu kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Nilikuwa na mtoto." Mwalimu mkuu akaguna, akidhani ni yule mchanga. Mimi nilijua ni nani. Niliingia getini nikiwa na joto kifuani, likakaa nami siku nzima.

Wivu haukuisha siku ile. Ungeisha, nisingekuwa ninaandika haya. Luse alianza kusimama, akaanza kula kwenye sahani yangu, na niliendelea kumhesabia kila tonge. Sasa ninaishi Mbeya, ninafanya kazi katika duka la dawa, na nina binti anayetambaa. Asubuhi zangu ni nyepesi mno kuliko za Mama. Maji yanachemka kwenye gesi huku nikipiga mswaki, nepi ni za kutupa, na bajaji hutuchukua mlangoni na kutupeleka kwenye kituo cha watoto chenye ukuta uliochorwa twiga. Bado ninatoka nyumbani nikihema.

Juzi Luse alinipigia simu kutoka Makambako, anakofanya kazi. Mkewe amekaribia kujifungua, naye alitaka kujua Mama alikuwa akifanyaje asubuhi, kwa sababu akimuuliza mwenyewe hucheka tu na kusema amesahau. Nilimsimulia yote: kiwiko kwenye beseni, pasi ya mkaa, blauzi ya pili, Kinyakyusa.

"Mimi sikumbuki hata kitu kimoja, dada," akasema. "Wewe ulimwona Mama akiwa msichana vile. Nakuonea wivu."

Honi ya bajaji ilikuwa ikilia nje, binti yangu amevaa soksi moja, nami nilikuwa nachelewa kazini. Ningeweza kumfariji, kwamba aliyekuwa ndani ya beseni ni yeye. Badala yake nilimwambia, "Subiri, kuna mengine hujayasikia," nikakaa kitandani, nikaendelea kumsimulia, taratibu, nikimwacha anionee wivu.