Ng'washi na Mota Mbili za Mlima wa Isamilo

Ng'washi alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mwenye goti moja bovu na baiskeli moja nzima. Kila asubuhi alitoka Bujora na madumu mawili ya maziwa kwenye keria, lita ishirini kila upande, akapita Kisesa, akapita Igoma, akaingia mjini na kuwagawia wateja wake mpaka kule juu Isamilo. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Binti yake Queen, aliyekuwa akisomea ualimu Butimba, alimsihi kila likizo apumzike. Ng'washi alimjibu kwamba ng'ombe wenyewe hawajapumzika.

Kilichomshinda ni mlima wa Isamilo. Ujanani aliupanda akiwa ameketi kwenye tandiko. Baadaye akawa anashuka na kuisukuma baiskeli. Siku hizi aliisukuma na kusimama mara nne, na kila aliposimama, vijana wa bodaboda walimpita wakimpa pole. Pole ile ilimuuma kuliko goti.

Mwaka huo shirika moja la wafugaji likakiahidi kikundi chao cha wachukuzi wa maziwa, watu kumi na mmoja, baiskeli za umeme. Sharti lilikuwa moja tu: kikundi kichague chenyewe aina ya mota, tena kwa kuzijaribu barabarani mwezi mzima, si kwa kutazama picha. Zikaletwa mbili. Nyeusi ilikuwa na mota katikati ya gurudumu la nyuma, inasukuma gurudumu moja kwa moja. Nyekundu ilikuwa na mota penye kanyagio, na nguvu yake ilipita kwenye mnyororo na gia kabla ya kufika nyuma.

Nkwabi, mwenyekiti wa kikundi, alijichagua kuwa mjaribu wa kwanza na akachukua nyekundu. Wa pili wenzake walimchagua Ng'washi, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema ukweli hata msibani. Wawili hao walikuwa wamebishana tangu darasa la tatu, kwa hiyo hakuna aliyetarajia wakubaliane.

Siku ya kwanza Ng'washi alipakia madumu yake, akapanda ile nyeusi, akabonyeza kitufe cha kidole gumba pole kama mtu anayegusa chungu cha moto. Baiskeli ikaondoka. Haikunguruma wala haikutetemeka. Ilikuwa kama mtu mwenye nguvu amekuja nyuma yake kimyakimya akaweka kiganja kwenye tandiko na kusukuma. Ng'washi akacheka. Akabonyeza zaidi, kitenge kikaanza kupepea, akacheka zaidi, na alipofika Kisesa alikuwa anacheka kwa sauti peke yake barabarani, machozi yanamtoka, mpaka katekista wa parokia aliyekuwa akivuka akasimama na kumtazama kwa wasiwasi. Ng'washi akamwamkia shikamoo bila kupunguza mwendo, na marahaba ikabaki nyuma huko.

Jioni Queen alipopiga simu, mama yake alishindwa kueleza vizuri. Alisema tu kwamba upepo wa mbele ameuona tena, ule ambao mtu mzima huusahau.

Ila mlima ni mlima. Nyeusi ilipofika Isamilo na lita arobaini, ilipanda kwa ari mpaka katikati, ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Ng'washi alishuka akagusa mota, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Akasukuma iliyobaki, akapewa pole mbili.

Nkwabi, upande wake, alijisifu wiki nzima kwamba nyekundu inapanda mawe kama mbuzi. Wiki ya pili wakabadilishana, na Ng'washi akaipanda akiwa amejiandaa kumpinga. Nyekundu haikuwa na kitufe. Ilitaka ukanyage, na ukikanyaga kidogo yenyewe inaongeza mara tatu. Goti lake lilizunguka bila kulalamika, kama si lake. Aliweka gia nyepesi, akaupanda mlima wa Isamilo wote akiwa ameketi, na pale juu akampita kijana wa bodaboda aliyekuwa amepakia abiria wawili na mfuko wa saruji. Akampa pole. Kisha, baada ya kumaliza kugawa maziwa, alishuka mpaka chini na kuupanda tena, ingawa juu hakukuwa na mteja aliyebaki. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akamuuliza kama amesahau kitu. Ng'washi akasema ndiyo, akaendelea kupanda.

Kwa siku sita aliipenda baiskeli ile kama msichana anavyopenda mara ya kwanza. Aliifuta tope kwa kanga safi. Aliizungumzia kanisani.

Siku ya saba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Karibu na Igoma mnyororo ukakatika, maana nguvu yote ya mota na ya mguu ilipita humo humo. Fundi wa kando ya barabara akaunga mnyororo kwa dakika kumi, lakini Ng'washi alipopanda tena mota haikuitika. Kioo kidogo cha kwenye usukani kilionyesha tarakimu mbili tu na hakikueleza zaidi. Fundi alizunguka baiskeli mara tatu, akasema kwa unyenyekevu kwamba mota ile imefungwa kwa nati ambazo yeye hajawahi kuona spana yake.

Alipiga simu kwa muuzaji, ambaye alikuwa Dar es Salaam. Sauti ya mashine ikamshukuru kwa kupiga. Keshoye akampata mtu, mpole kabisa, aliyemwambia aing'oe mota, aifungashe vizuri, aitume kwa basi, na jibu litapatikana. Ng'washi akauliza lini. Mtu yule akasema litapatikana. Nyekundu ikakaa siku tisa uani kwa Nkwabi, ikiwa imefunikwa turubai kama mgonjwa, na maziwa yakaendelea kubebwa na baiskeli za zamani.

Wiki hiyo hiyo nyeusi nayo iliharibika, ikiwa mikononi mwa Nkwabi. Spoku mbili zilivunjika kwenye shimo na waya wa mota ukakwaruzwa hadi ndani. Muuzaji wa nyeusi alikuwa na duka dogo Nyamagana, na fundi wa duka alikuwa mwanamke aitwaye Apiyo, mzaliwa wa Rorya, mwenye mikono mipana na nywele nyingi kama ufagio, alizozifunga kwa mpira wa tairi. Alipopigiwa simu, alifika Kisesa kabla Nkwabi hajamaliza kula muhogo wake wa kuchemsha. Akavua gurudumu, akaunga waya, akaweka spoku mpya, akamwita Ng'washi, aliyekuwa amekuja kutazama, achuchumae karibu na kumfundisha jinsi ya kufanya mwenyewe siku nyingine. Ng'washi akatumia nafasi hiyo kumsuta kuhusu mlima.

"Mama, hii mota haina meno ndani," Apiyo alisema. "Ikienda taratibu na mzigo, inapata joto. Ninayo nyingine dukani, ya gurudumu vilevile, lakini ndani ina meno madogo ya kuiongezea nguvu mwendo ukiwa mdogo. Ila na wewe ukanyage kidogo. Usiiachie kazi yote."

Kikao cha kuamua kilifanyika Jumamosi chini ya paa la kituo cha kukusanyia maziwa. Nkwabi alisimama kwanza na kutetea nyekundu, ingawa ilikuwa bado imelala uani kwake. Wanakikundi wakamgeukia Ng'washi. Moyo wake ulikuwa upande wa Nkwabi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Nyekundu ni bwana harusi," akasema hata hivyo. "Anapendeza, anacheza, kila mtu anamtazama. Lakini sisi tunatafuta mume wa kuamka naye saa kumi alfajiri. Ng'ombe hatamsubiri fundi wa Dar."

Wanaume wakacheka, hata Nkwabi, akiwa ameinamisha kichwa. Lakini akauliza swali la haki: na mlima je? Ng'washi akasema mlima hauamuliwi kikaoni. Jumatatu waje Isamilo waone.

Jumatatu walikuja wote. Apiyo alikuwa amefunga gurudumu lenye mota mpya, na Ng'washi alikuwa ameendesha toka Bujora na madumu yake kamili. Alivuta pumzi chini ya mlima, akabonyeza, akakanyaga. Nyeusi ikapanda. Haikuruka kama nyekundu. Ilipanda kama punda mwenye heshima zake, hatua kwa hatua, bila kusimama. Katikati, pale ilipokufa safari ya kwanza, wenzake waliokuwa wakitembea kando yake walianza kukimbia ili wasiachwe. Nkwabi alikimbia mbele ya wote, kofia mkononi, akimhesabia kona zilizobaki. Mama wa mahindi akaacha jiko lake akafuata. Ng'washi alitaka kuwaambia waache kumchekesha maana kicheko kinamaliza pumzi, lakini hakuweza kusema, na goti lilizunguka, na mlima ukaisha.

Juu kabisa alishindwa kushuka kwa kucheka. Ilibidi Nkwabi aishike baiskeli na Apiyo amshike yeye. Apiyo akaweka kiganja kwenye mota, akakiacha hapo, akawaonyesha wote. Ilikuwa na joto la mwili tu. Nkwabi akasema, kwa sauti ya mwenyekiti, kwamba kikundi kimechagua.

Mteja wa kwanza pale juu alikuwa Mwalimu Shigela, mzee mstaafu aliyetoka getini na sufuria yake kuona umati ule ni wa nini. Ng'washi alifungua dumu ampimie. Kilichotangulia mdomoni mwa dumu kilikuwa bonge la manjano, laini, kubwa kama ngumi. Mashimo yote ya kuanzia Kisesa, kwa mwendo ule mpya, yalikuwa yameyasukasuka maziwa kama kibuyu cha bibi cha kusukia maziwa.

Mwalimu akalitazama, akalinusa, akauliza kwa adabu kama siku hizi siagi inaletwa pamoja na maziwa au inauzwa peke yake.