Mama Mukwe Ameficha Wi-Fi Nyuma ya Kantini, Bwana Yangu Anasema Ninamukimbia

Admin, jina yangu usiitaje, juu ndugu za bwana yangu wote wanasoma hapa. Niko mwanamuke wa miaka 27, niko Kasongo, naishi nyumbani kwa mama mukwe. Bwana yuko Salamabila, anauzia wachimba dhahabu vitu. Kesho jioni ndoa yangu inaweza kuisha, na sijafanya kosa lolote!

Mwezi uliopita bwana alituma mashine ya Wi-Fi ili tuwe tunaonana kwa video. Nilifurahi mpaka nikaimba. Fundi alisema ikae saloni, pale wageni wanaketi, juu, katikati ya nyumba. Alipotoka tu, mama mukwe akaibeba: "Mali ya mutoto wangu haikae mahali kila mugeni anaiona." Akaiweka chini chumbani mwake, nyuma ya kantini, ile sanduku yake kubwa ya bati, akaifunika na kikwembe. Yeye anaketi kitandani, anacheka na mutoto wake kwa video bila shida. Mimi chumba changu kiko nyuma kabisa, rezo ya Wi-Fi haifike.

Nilimuambia kwa heshima, "Mama, ile bati inazuia rezo. Tuirudishe saloni." Akaniangalia juu mpaka chini. "Unatafuta nini na simu chumbani, mulango umefungwa?" Yaani nilitamani kulia na kupiga kelele pamoja.

Basi nikawa natoka inje, karibu na ukuta wa jirani, pale inashika kidogo. Bwana akipiga, anaona ukuta, anasikia sauti za wanaume wanaopita. "Kila siku uko inje. Uko na nani?" Nikamueleza. Akauliza mama yake, naye akajibu, "Mashine iko muzuri, mwanangu. Bibi yako ndiye hakai nyumbani." Eti!

Leo asubuhi alinipigia nikiwa chumbani, rezo ikashika kidogo tu. Nikamuambia, "Siwezi kukaa humu ndani nikakusikia, ndiyo maana natoka." Sauti ikakatika. Yeye alisikia tu, "Siwezi kukaa... natoka." Akatuma odio: "Kumbe umeshaamua. Kesho kisha sala ya magharibi nakuita kwa video, nataka nikuone ndani ya chumba chetu. Usipotokea, baba yako aje akuchukue." Nimemuandikia mara nyingi. Anasoma, hajibu.

Kwetu muke wa mutoto havuke pazia ya chumba cha mama mukwe. Ukionekana humo, watasema umeenda kumuloga, na hakuna mutu atakuuliza habari ya Wi-Fi. Lakini kesho mama anaenda kwenye matanga, atarudi usiku. Mulango wake hauna kufuli, ni pazia tu. Waya ni murefu, inafika saloni. Ningeitoa mashine, bwana anione chumbani, niirudishe kabla mama hajafika.

Nilikuwa nimeshaamua, wapendwa. Halafu saa hii mama mukwe ameniita jikoni, amenishika mukono, kitu hajafanya tangu niolewe. "Mutoto wangu, kesho wewe ndiye utabaki na nyumba. Binti zangu siwaachie, wewe nakuamini."

Nampenda bwana yangu, na huyu mama leo ndiyo mara ya kwanza ameniita mutoto wake. Nishaurini, jamani, nifanye nini? Niivuke ile pazia?